Anselm hakusema Yesu aliadhibiwa

Mahubirini, na hata katika madarasa ya theolojia, Anselm wa Canterbury, askofu mkuu na mwanatheolojia wa Enzi za Kati, hutajwa kama mwalimu wa fundisho kwamba Mungu alimwadhibu Yesu badala yetu. Si kweli. Katika Cur Deus Homo (Kwa Nini Mungu Alifanyika Mtu), kitabu alichokikamilisha mwaka 1098 akiwa uhamishoni Italia, aliweka njia mbili tu mbele ya mkosaji: fidia au adhabu. Ikilipwa fidia, adhabu haipo. Na msalaba, kwake, ni fidia.

Fuata hoja yenyewe. Mwanadamu anadaiwa na Mungu utii wake wote. Dhambi ni kutolipa deni hilo, na ni kumvunjia Mungu heshima. Kutubu na kuanza kutii upya hakutoshi, maana utii wa leo ni deni la leo. Ukubwa wa kosa je? Katika sura ya 21 ya kitabu cha kwanza anamuuliza Boso, mwenzake katika mazungumzo: Mungu akikukataza kutazama upande fulani, utatazama ili ulimwengu wote usiangamie? Boso anakiri kwamba hapaswi, hata kwa ajili hiyo. Basi fidia lazima izidi kila kisicho Mungu. Apasaye kuilipa ni mwanadamu, awezaye ni Mungu tu. Ndiyo maana anahitajika aliye Mungu na mtu.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka. Yesu naye, kwa ubinadamu wake, anadaiwa utii, kwa hiyo maisha yake matakatifu peke yake si fidia. Kufa, hata hivyo, hadaiwi, kwa kuwa hana dhambi. Anapoutoa uhai wake kwa hiari anatoa kisichodaiwa, na anastahili tuzo. Mwana hakupungukiwa na kitu, hivyo tuzo inawafikia ndugu zake.

Adhabu mbadala, yaani fundisho kwamba Yesu aliadhibiwa badala yetu, ilikuja kukaziwa na Wanamatengenezo wa karne ya 16, Calvin akiwemo, na ndiyo inayobanwa na swali la hakimu kumwadhibu asiye na kosa. Ukoo unaweza kumlipia kijana wao faini bila kudhulumu mtu. Kutumikia kifungo badala yake ni jambo jingine.

Anselm anabanwa kwingine. Fausto Sozzini, mwanatheolojia Mwitalia, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1594, alihoji: deni likishalipwa lote, kimesamehewa nini? Jibu naliona mwishoni mwa Cur Deus Homo, Baba anapomwambia mkosaji amchukue Mwana wa pekee wa Baba na kumtoa kwa ajili ya nafsi yake mkosaji. Mdai mwenyewe ndiye anayetoa cha kulipia. Kinachobaki kigumu kwangu ni ile tuzo: Anselm anasema inafaa tupewe sisi, lakini haonyeshi vya kutosha jinsi stahili ya mmoja inavyokuwa ya mwingine.