Siku moja kwenye mavuno ya zabibu, Ribera del Duero

Saa 12:45 asubuhi. Giza totoro. Mwezi wa kumi huku Ribera del Duero, eneo la mvinyo kaskazini mwa Hispania, jua halichomozi mpaka saa mbili na kitu, maana nchi iko magharibi kabisa lakini saa yake inakwenda sawa na ya Ujerumani. Kipimajoto cha gari kinasoma nyuzi 4. Jana alasiri kilisoma 26. Kazi yetu yote inategemea hiyo tofauti.

Saa 2:30. Shamba la leo liko nje kidogo ya Aranda de Duero, mita 850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashamba mengi ya ukanda huu yako kati ya mita 750 na 1,000, kando ya mto Duero unaoshuka hadi Ureno na kuingia Atlantiki. Mizabibu ni mikongwe, imeachwa kama vichaka vifupi bila nguzo wala waya, kwa hiyo unainama tangu mstari wa kwanza. Msimamizi anatuzuia mpaka umande ukauke. Hataki maji ndani ya kreti. Waromania wanawasha sigara, sisi wengine tunajikunyata.

Zabibu ni Tempranillo, ambayo wenyeji huiita Tinto Fino. Kichala unakishika kwa mkono mmoja, unakata kikonyo kwa mkasi, unakilaza kwenye kreti bila kukitupa. Kreti haijazwi hadi pomoni, kwa sababu za chini zikipondeka zinaanza kuchachuka kabla hazijafika kiwandani.

Saa 4:30. Mkate, soseji ya chorizo, vipande vya tortilla ya viazi. Wenzetu wa Moroko wana mayai yao na zeituni. Dakika 20, basi.

Saa 6 mchana. Koti limevuliwa, jua linachoma. Hapa ndipo unapoelewa mvinyo wa huku. Mchana mkali unaivisha zabibu: sukari inapanda, ganda linakuwa nene na jeusi. Usiku baridi inashuka ghafla na mzabibu unapunguza kasi, hauli uchachu wake wote. Kwenye mabonde ya chini yenye joto usiku kucha, uchachu unapotea na mvinyo unakuwa mzito usio na uhai. Huku zabibu inaiva na bado inakukunja uso kidogo. Ongeza ukakasi wa lile ganda, unapata mvinyo wa kukaa miaka.

Gharama yake ni jalidi. Mwishoni mwa Aprili 2017 baridi ya usiku iliunguza machipukizi sehemu kubwa ya eneo hili, na mavuno ya mwaka ule yakaanguka.

Mimi ni mtu wa Dodoma, na Dodoma iko juu kuliko shamba hili, mita 1,100 na zaidi. Kwa hiyo mwinuko peke yake si jibu. Kwetu hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, tunaulaza wenyewe kwa kupogolea, ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Nikiwaambia hivyo wazee wa hapa wananitazama kama tapeli.

Saa 9 alasiri. Kiwandani. Trela inapimwa kwanza, kwani kanuni za Ribera del Duero haziruhusu kuvuna zaidi ya kilo 7,000 kwa hekta. Kisha meza ya kuchambua: majani nje, zilizooza nje, zilizokauka nje. Mashine inatoa vikonyo, zabibu zinaingia kwenye tangi la chuma.

Tangi la wiki iliyopita linachemka lenyewe. Maganda yamepanda juu yakafanya tabaka gumu, kwa hiyo tunavuta mchuzi kutoka chini kwa pampu na kuumwagia juu, ili uchukue rangi. Hakuna anayeinamia tangi ovyo. Hewa ya kaboni dioksidi inayotoka humo haina harufu, na imeshaua watu kwenye viwanda vya mvinyo.

Saa 1 jioni. Mtengenezaji anatuonjesha mvinyo wa mwaka jana kutoka kwenye pipa. Ili uitwe Crianza, daraja la mvinyo uliokomazwa, lazima ukomae miaka miwili, angalau miezi 12 ndani ya mwaloni. Wageni wanaupenda wenye vanila nyingi ya pipa jipya. Mimi naona pipa hilo linafunika kilichotufanya tupande mpaka huku juu. Nipe mvinyo mchanga, uliopita kwenye mwaloni miezi michache tu, pamoja na kondoo wa kuokwa kwenye tanuri la kuni.

Saa 3 usiku. Ujumbe wa msimamizi: shamba la mita 950 sukari yake haijafika. Kesho hatukati, tunaosha matangi. Anasubiri siku nne tano za jua, na anaangalia utabiri wa jalidi kila baada ya saa.