Mbona hawakuhama?

Kitu kinaniuma kila stori ya sumu ya risasi kijijini Owino Uhuru ikitajwa ni vile watu huanza na wanakijiji. Mbona hawakuhama, mbona walikubali vibarua pale, mbona walinyamaza miaka yote hiyo. Kiwanda chenyewe huulizwa mwisho kabisa. Jamani kijiji kilikuwepo kabla ya kiwanda! Watu kama 3,000 hivi pale Mikindani, Mombasa, 2007 hivi wakaletewa ukutani kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kutoa madini ya risasi (lead), moshi ukawa unaingia majumbani, maji machafu yanapita pale watoto wanapochezea.

Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo hapo, mtoto wake akaugua, mara malaria, mara taifodi, kumbe vipimo vinakuja kuonyesha risasi kwenye damu. Na mama huyo huyo ndio alikuwa amepewa kazi ya ripoti ya mazingira akashauri kiwanda kihamishwe, akatolewa kwenye hiyo kazi. Sasa hapo usiniambie wenye kiwanda hawakujua.

Mi naona sisi tunaotazama kwa mbali hukasirika kulingana na picha tuliyoona. Jengo la Rana Plaza lilipoanguka Bangladesh Aprili 2013, wakafa watu zaidi ya 1,100, dunia nzima ilipiga kelele siku hiyo hiyo maana vifusi vilikuwa kwenye TV. Risasi haianguki. Inaingia polepole, mtoto anachelewa kuongea, darasani hashiki kitu, mimba zinatoka, na jirani anasema tu hiyo familia ina mkosi. Kwa hivyo hasira haiji, na pale hasira ilipokosekana ndio lawama inamrudia mgonjwa.

Alafu kuna serikali, hiyo ndio tunaisahau kabisa. 2020 mahakama ya mazingira Mombasa ilipowapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, haikubebesha kampuni peke yake, NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, pia ilitwikwa fungu lake, na ni haki, maana wao ndio walitakiwa kusimama kati ya ule moshi na wale watoto. Mahakama ya Rufaa ikapindua hukumu 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kiwanda kilishafungwa miaka kumi nyuma, na baadhi ya waliopimwa damu wakiwa watoto washakuwa watu wazima kesi ikizunguka kortini.