Data safi za Ustaadh

Juzi mwanangu wa darasa la nne alirudi na kazi ya shule: andika majina na umri wa watu wa ukoo wako. Akampigia bibi yake simu. Bibi akasema, "Niandikie sabini." Mtoto akafungua daftari la mwaka jana, maana ndivyo alivyo, akasema, "Bibi, mwaka jana nao ulisema sabini." Nikamsikia mama anacheka mpaka anakohoa. "Basi weka sabini na tano, mjukuu wangu, ukalale."

Alipokata simu akaniuliza kama bibi ni mwongo. Nikamjibu kwamba bibi yake yuko sawa kabisa kitakwimu. Hakuelewa, na mimi sikuendelea kueleza, kwa sababu akili ilishakwenda kwa Ustaadh.

Ustaadh si jina lake. Ni darasa lilimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwaswalisha wenzake, nami nitaliacha hivyohivyo. Alikuwa mwanafunzi wangu wa takwimu chuoni, mwaka wa tatu, na mwaka wenyewe ni 2023. Mnaukumbuka. ChatGPT ilikuwa imetoka Novemba ya mwaka uliotangulia, na ilipofika Juni mezani kwangu kulikuwa na rundo la ripoti za utafiti ambazo Kiingereza chake kilinyooka kuliko changu. Vijana ambao Januari walishindwa kuniandikia barua ya kuomba ruhusa ya msiba, sasa wanajadili "ustahimilivu wa makadirio" kwa kurasa nne. Kwenye korido wenzangu hawakuwa na mazungumzo mengine. Mmoja alitaka turudi kwenye mtihani wa mdomo, mwingine alitaka tukubali yaishe. Akili mnemba imekuja, alisema, na sisi tunafundisha kukokotoa wastani kwa mkono kama vile tuna ugomvi na kikokotoo.

Mimi nina tabia yangu. Kabla sijasoma neno hata moja la ripoti, naangalia safu ya umri.

Waulize watu wazima wa nchi hii wana miaka mingapi, wengi watakutajia namba inayoishia na sifuri au tano. 40, 45, 50. Arobaini na moja na arobaini na tisa hawana mwenyewe. Kwenye majedwali ya sensa zetu za zamani, ukichora umri wa mwaka mmojammoja, grafu inasimama vilele kwenye kila 0 na kila 5 halafu inaporomoka. Kuna kipimo chake, kina jina la George Chandler Whipple, Mmarekani aliyekuwa mhandisi wa mambo ya maji na usafi. Unachukua watu wote wa miaka 23 hadi 62, unahesabu waliotaja umri unaoishia na 0 au 5, unagawanya kwa moja ya tano ya watu wote hao, unazidisha kwa 100. Ukipata 100, hakuna namba iliyopendelewa. Ukipata 500, kila mtu amekutajia namba ya duara. Umoja wa Mataifa wanasema chini ya 105 ni takwimu sahihi sana, na kuanzia 175 kwenda juu ni mbovu sana. Ni hesabu ya dakika mbili na hauhitaji hata kompyuta.

Ustaadh alikwenda kuhoji wakuu wa kaya kwenye vijiji vya wavuvi pwani ya Pangani, kwao kwa upande wa bibi. Wenye umri wa kuingia kwenye kipimo walikuwa 200 kamili. Kwa hesabu ya Whipple nilipata 102.5.

Wavuvi wa Pangani, 102.5! Nikacheka peke yangu ofisini.

Nikashuka kwenye mistari. Mstari mmoja una baba wa miaka 41, mtoto wake wa kwanza ana 33. Maana yake kazaa akiwa darasa la pili. Chini yake kidogo kuna mjane wa miaka 36 aliyeishi kwenye ndoa miaka 30. Wastani wa umri ulikuwa unapendeza, mtawanyiko wake unapendeza, histogramu imeinuka taratibu na kushuka taratibu. Watu waliokuwemo ndio hawakuwezekana.

Sasa, kupika data si jambo lililoletwa na kompyuta. Tangu nikiwa mwanafunzi nimeona watu wamekaa chini ya mwembe na kalamu za rangi tatu tofauti, wanajaza madodoso 100 kwa mchana mmoja, wanabadilishana ili mwandiko usifanane. Hata wale, bila kujua, walikuwa wakiweka 40 na 45 kwa wingi kwa sababu hata anayedanganya anadanganya kibinadamu. Hii ya Ustaadh ilikuwa ya aina nyingine. Nikamtumia ujumbe aje.

Alikuja baada ya swala ya alasiri. "Shikamoo, Madam." Nikaitikia, nikamgeuzia laptopu. Nilimuuliza swali moja tu: "Ustaadh, watu wako wa miaka hamsini wamekwenda wapi?"

Akaangalia. Akasogeza kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo. Halafu akasema, "Wapo, Madam. Naomba nusu saa." Akatoka mbio.

Alirudi na boksi la maji ya chupa limefungwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na madodoso. Halisi, nasema, yaliyokunjwa kwa miezi: yenye mafuta ya taa, yenye duara la kikombe cha chai, moja lina magamba ya samaki yaliyokauka pembeni mwa swali la kumi na mbili. Ofisi nzima ikanuka ng'onda. Akaketi sakafuni, kiti kipo, akaanza kuyapanga kwa namba.

Agosti ya 2022 Ustaadh alikuwa karani wa sensa, wa wale waliozunguka na vishikwambi. Makarani hufundishwa kwamba mtu asiyejua umri wake usimlazimishe. Mpeleke kwenye matukio. Ulikuwa umezaliwa wakati wa Uhuru? Azimio la Arusha lilikukuta unatembea au unabebwa? Yule kijana alilibeba somo hilo mpaka kwenye utafiti wake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Kwenye kila dodoso, pembeni ya kisanduku cha umri, kulikuwa na mwandiko mdogo wa penseli.

Nikamwambia asome.

"Namba 61. Umri 45. Pembeni: anasema mama yake alikuwa na mimba yake wakati redio inatangaza vita vya Iddi Amin." Novemba 1978. Kazaliwa kati ya hapo na katikati ya 1979. Alihojiwa Machi 2023, kwa hiyo ana 43, au 44 tayari.

"Namba 62. Umri 40. Alizaliwa mwaka aliokufa Sokoine." 1984. Ana 38, au 39 tayari.

"Namba 70. Umri 60. Mwaka wa Muungano, baba yake alikuwa Unguja hakurudi." Sikuuliza hakurudi kwa nini. Yeye alinyamaza kidogo kabla ya kugeuza karatasi.

"Namba 74. Umri 25. Mvua za El Niño, nyumba yao ilianguka, akazaliwa kwa jirani." Mwishoni mwa 1997 au mwanzoni mwa 1998. Huyu alipatia. 25 kweli.

Aliendelea hivyo mpaka adhana ya magharibi. Kuna mama aliyesema yeye ni wa Operesheni Vijiji, alizaliwa njiani wakati familia inahamishwa, ndiyo maana kaka zake humtania kuwa hana kwao. Kuna mzee aliyekataa kabisa kutaja namba, akasema andika "baba wa wanane". Ustaadh akaandika 55, halafu pembeni: "nimekadiria mimi". Tukahesabu pamoja waliotaja 0 na 5. Walikuwa 86 kati ya 200. Whipple 215. Mbovu sana kwa vipimo vya Umoja wa Mataifa, na sijawahi kufurahia namba mbovu kiasi kile.

"Sasa hizi nyingine umezitoa wapi?"

Akaeleza bila kuzunguka. Alikuwa ameingiza kila kitu kwenye Excel kama ilivyo. Rafiki yake akaiona, akamwambia data zako chafu, walimu wakiziona utarudia. Basi akazipeleka kwa ChatGPT vipandevipande, maana haikuzimeza zote kwa mara moja, akaandika: safisha, ondoa makosa ya umri. Ikamrudishia jedwali zuri na maneno ya adabu. Hakupika chochote. Aliomba kusafishiwa, akasafishiwa.

Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Mnaijua, nimeshaiandika huku mara nyingi, ile ya kwamba mashine imefunzwa kutoa kinachofanana na jibu. Nikaitoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, amepiga magoti kati ya karatasi zake. Halafu akasema:

"Lakini Madam, muhula uliopita ulitufundisha kulainisha umri, kushusha vile vilele kwa kanuni. Ya Carrier na Farrag. Ya Arriaga. Ulisema wataalamu wote hawatumii umri mbichi. Na wao hawaendi Pangani kuuliza."

Nikamjibu kwamba tofauti ipo. Kanuni ya Arriaga inagusa makundi, haimgusi mtu. Ukijumlisha kila miaka kumi, idadi inabaki ileile uliyokuja nayo, hakuna anayehamishwa kutoka hamsini kwenda arobaini na moja huku watoto wake wakiachwa na umri wao. Na mtaalamu anasema wazi amelainisha kwa kanuni ipi, anaacha data ghafi ziweze kuonekana. Kila nilichosema ni kweli, na bado naweza kukitetea.

"Sawa," akasema. "Na kama ningeleta hizi ghafi, ungenipa ngapi?"

"Ningekupa zaidi."

"Wewe, Madam. Na wengine?"

Hapo nikaangalia saa. Kwenye mwongozo wetu wa kusahihisha kuna alama za "ubora wa data", na ubora maana yake, kwa wengi wetu, ni kwamba jedwali halina mashimo na grafu haina vichekesho. Hakuna alama hata moja ya penseli pembeni. Kijana alikuwa amesoma vizuri sana mazingira aliyomo. Pengine ndiyo takwimu bora kuliko zote alizozifanya mwaka ule.

Tulikubaliana aandike upya. Safu mbili za umri: uliotajwa, na uliokadiriwa kwa tukio, pale tukio lilipopatikana. Alifanya kazi ile usiku, mchana ana mitihani. Sura yake ya tatu ilikuwa na ukurasa mzima wa kalenda ya matukio ya Pangani, ikiwemo miaka ambayo mimi sikuwahi kuisikia, kama mwaka jahazi fulani lilipozama na watu wa kijiji kimoja ndani. Kiingereza chake kilirudi kuwa chake, kikivunjika pale kinapovunjikaga. Nilisoma ripoti ile mara mbili, jambo ambalo kwa mshahara huu silifanyi.

Siku ya kuwasilisha mbele ya jopo alivaa koti la kuazima. Alizungumza vizuri. Alipofika kwenye histogramu ya umri uliotajwa, ile yenye vilele, mtahini mmoja akavua miwani. Mtu mzima, msomi wa kweli, nami namheshimu.

"Kijana," akasema, "data zako ni chafu mno. Whipple 215! Siku hizi kuna programu, kuna akili mnemba, hata hujajaribu kuzisafisha?"

Ustaadh akanigeukia. Mimi nikainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

"Nilizisafisha, mtahini," nikamsikia anasema kule juu. "Zikawa safi kabisa. Madam akaniambia nizichafue."

Jopo zima likacheka, na mtahini naye akacheka, kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake ambacho sikukiona. Alipata B. Mimi nilikuwa nimependekeza A, na kwenye kikao nilipoulizwa nieleze sababu nilisimulia habari ya mama wa Operesheni Vijiji, wakanisikiliza kwa upole, halafu mwenyekiti akauliza kama kuna sababu nyingine.