Plau la sahani kwenye Massey Ferguson 135: toplinki ishikwe mwisho

Plau likigoma kuingia ardhini, madereva wengi huruka chini na kufupisha toplinki, ule mkono wa juu wa kati unaounganisha plau na trekta. Sahani ya mbele inazama, ya nyuma inaparaza juu juu, trekta linavutwa pembeni na dizeli inakwisha shamba likiwa bado. Chanzo mara nyingi huwa kwingine: upana wa magurudumu, kimo cha mkono wa chini wa kulia unaobeba plau, gurudumu la nyuma la plau, au beringi iliyolegea. Kwenye marekebisho ya plau toplinki ina kazi moja tu, kulinganisha kina cha sahani ya mbele na cha ile ya nyuma. Kwa hiyo iwe kitu cha mwisho kushikwa.

Nazungumzia Massey Ferguson 135, lile la injini ya Perkins ya silinda 3 lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1964, kwa sababu hadi leo yapo yanayolima, na kwa nguvu zake za farasi 45 hivi halina ziada ya kupoteza kwenye plau lililofungwa vibaya. Mfumo wake wa mikono mitatu, miwili ya chini na toplinki juu, unatokana na ule wa mvumbuzi Harry Ferguson uliokuwa kwenye trekta la TE20 la miaka ya 1946 hadi 1956, ambapo plau linaning'inia kwenye trekta na uzito wake unakandamiza matairi ya nyuma. Kwa hiyo trekta likikaa vibaya, plau nalo litakaa vibaya.

Anza na matairi. Ya nyuma yawe na upepo psi 12 hadi 16, na yote mawili yalingane. Moja likipungua trekta linalala, nawe utadhani plau ndilo lililoinama. Kisha pima nafasi kati ya kuta za ndani za matairi ya mbele, upime na ya nyuma. Vipimo hivyo viwili viwe sawa, ili tairi la mbele na la nyuma la kulia yapite kwenye ukuta uleule wa mtaro ulioachwa na plau. Upana wa nyuma kwenye 135 hubadilishwa kwa hatua za inchi 4 kwa kugeuza rimu na sahani yake ya katikati. Kwa plau la sahani 2, inchi 52 kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya jingine ni pa kuanzia. Ukiacha magurudumu yamepanuliwa kama ya palizi, sahani ya mbele itakata kipande kipana kuliko inavyoweza kugeuza, au plau litatembea limekaa upande.

Angalia pini za kufungia plau nazo. Zina saizi mbili. Za daraja la 1 ni milimita 22 chini na 19 juu. Za daraja la 2 ni 28 chini na 25 juu. Pini ndogo ndani ya tundu kubwa bila bushi inacheza, na mchezo wa milimita chache pale mbele unakuwa mkubwa kwenye sahani ya nyuma. Shika pia uma unaopokea toplinki, usukume na kuuvuta. Ukicheza, springi ya haidroliki imelegea na plau litakuwa linapanda na kushuka bila mpangilio.

Kufunga kwenyewe hakuna siri: mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia ambao una krenki ya kuupandisha na kuushusha, toplinki mwisho. Kufungua ni kinyume chake. Cheni za pembeni ziache zilegee kiasi cha plau kuyumba sentimita 5 hivi kila upande, mradi mikono isiguse matairi. Kuna wanaozikaza kabisa kwa kuogopa plau kuyumba. Plau lililobanwa hivyo haliwezi kufuata mstari wake, na usukani unakuwa mzito kila ukikata kona ndogo.

Sasa kusawazisha. Mtaroni, magurudumu ya kulia hukaa chini kuliko ya kushoto kwa kiasi cha kina cha kulima. Basi ifanye hali hiyo uwanjani: panda kwa matairi ya kushoto, la mbele na la nyuma, juu ya mbao imara zenye unene wa sentimita 15 hadi 20, kisha shusha plau na uweke pima maji juu ya fremu, ukikingamisha. Zungusha krenki ya mkono wa kulia mpaka fremu ilale sawa. Hapo tu ndipo uweke pima maji kwa urefu na ushike toplinki: kuifupisha kunazamisha sahani ya mbele, kuirefusha kunazamisha ya nyuma.

Plau la sahani halijivuti ardhini kama plau la bapa lenye ncha. Linaingia kwa uzito wake na kwa pembe za sahani. Pembe ya kwanza ni ile ya uso wa sahani na mwelekeo wa safari, kwa kawaida nyuzi 42 hadi 45. Ya pili ni jinsi sahani ilivyolala nyuma kutoka wima, nyuzi 15 hadi 25. Ardhi ngumu ya kiangazi inataka sahani isimame, karibu na 15, na pembe ya kwanza ikaribie 45. Bado ikigoma, ongeza uzito kwenye fremu. Kwenye udongo laini wa kichanga ilaze zaidi, vinginevyo itazama kupita kiasi.

Kina kisizidi theluthi moja ya kipenyo cha sahani. Sahani mpya ya sentimita 66 inakupa kama 22. Ikilika hadi 56 unabaki na chini ya 19, na ukilazimisha zaidi kitovu kinaburuta udongo. Ikamate kwa juu na chini, itikise. Ikicheza, kaza nati ya beringi mpaka izunguke kwa mkono bila kugonga. Sahani isiyozunguka inalika upande mmoja na kula dizeli. Skrepa, vyuma vya kukwangua udongo unaonata, ziwe karibu na sahani bila kuigusa.

Gurudumu la nyuma ndilo linalosahaulika kuliko vyote. Sahani zinatupa udongo kulia, kwa hiyo udongo nao unalisukuma plau kushoto, na gurudumu hilo jembamba ndilo linalozuia kwa kuegemea ukuta wa mtaro. Likikaa juu mno, mkia wa plau unayumba na mtaro unapindapinda. Springi yake iwe na mkazo wa kulishikilia chini bila kulinyanyua plau.

Shambani, mstari wa kwanza unakatwa magurudumu yote ya trekta yakiwa juu ya ardhi isiyolimwa, hivyo mkono wa kulia ushushwe mpaka ulingane na wa kushoto, na toplinki irefushwe ili sahani ya mbele ikate kidogo. Mstari wa pili rudi kwenye vipimo vya uwanjani. Ukifika wa tatu, shuka upime. Chomeka kijiti mita 1 kutoka ukuta wa mtaro, upande usiolimwa. Baada ya kupita, umbali uliobaki ukitolewa kwenye mita 1 ndio upana unaokata. Sahani 2 zitoe sentimita 50 hadi 60. Kipande cha mbele kikiwa chembamba kuliko cha nyuma, legeza bolti za ekseli ya kukingama, ile ya mbele ya plau inayofungwa kwenye mikono ya chini, na uizungushe kidogo ili pua ya plau ielekee upande usiolimwa. Kikiwa kipana, igeuze kinyume.

Kwenye haidroliki tumia livu ya mvuto, inayopandisha na kushusha plau kulingana na uzito wa kuvuta, si ile ya kimo, inayolishikilia kwenye kimo kimoja na trekta. Livu ya kimo inafuata mwendo wa trekta, kwa hiyo kila tairi la mbele linapopanda tuta, plau linazama. Plau likitingisha kichwa, punguza kasi ya mwitikio wa haidroliki.

Kuhusu tairi kuteleza, tia chaki kwenye tairi la nyuma. Pima mita za mizunguko 10 plau likiwa juu, kisha likiwa kazini. Ikiwa ya kwanza ni mita 37 na ya pili imeshuka chini ya 31, unateleza zaidi ya asilimia 15. Jaza maji matairi ya nyuma hadi robo tatu, au punguza kina. Plau nyingi za sahani 3 zinaruhusu kuondoa ya nyuma, na kwenye ardhi ngumu 135 inafanya kazi vizuri zaidi na 2. Trekta likinasa, usifunge mnyororo kwenye uma wa toplinki: ukivuta kutoka pale juu trekta linaweza kubinukia nyuma na kumlalia dereva.

Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, ukiwa umelowa, hakuna marekebisho yatakayousaidia. Unanata kwenye sahani, skrepa zinazidiwa na ukuta wa mtaro unang'aa kama umepigwa lipu. Subiri mpaka bonge la udongo livunjike mkononi badala ya kufinyangika. Baada ya saa ya kwanza ya kazi, kaza upya bolti zote za sahani na za ekseli ya kukingama.