Wengine Walitaabika

Neno la juma: Yohana 4:37-38

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wanafunzi wamerudi kutoka mjini Sikari wakiwa na chakula, na Yesu, ambaye hataki kula, anawaambia: "Wengine walitaabika, nanyi mmeingia katika taabu yao." Mstari huu tumezoea kuuhubiri tukiwakumbuka wainjilisti waliotutangulia. Juma hili naomba tumkumbuke mpiga chapa.

Aliitwa Arnao Guillén de Brocar. Alikuwa na kiwanda chake cha uchapaji kaskazini mwa Hispania, kwanza Pamplona, kisha Logroño, mpaka akahamia Alcalá kumtumikia Kardinali Francisco Jiménez de Cisneros. Huyu Cisneros alikuwa Askofu Mkuu wa Toledo na mshauri wa wafalme, lakini alibaki Mfransisko, na chini ya mavazi ya kiaskofu alivaa kanzu ya utawa. Alianzisha chuo kikuu pale Alcalá, kikafungua milango mwaka 1508. Alitaka pia Biblia ambayo msomaji angeweza kuiona katika lugha zake za asili, ukurasa mmoja, jicho likihama kutoka safu hadi safu.

Akakusanya wasomi. Kwa Kigiriki walikuwapo Demetrios Doukas kutoka Krete, Hernán Núñez na Diego López de Zúñiga. Kwa Kiebrania walikuwapo Alfonso de Zamora na Pablo Coronel, Wayahudi waliobatizwa, katika nchi iliyokuwa imewafukuza Wayahudi wote waliokataa ubatizo mwaka 1492. Wakabishana, wakalinganisha hati, na gharama zote zikawa za Kardinali.

Kisha kazi ikashuka mezani kwa Brocar. Chukua ukurasa mmoja wa Mwanzo. Safu ya nje ni Kiebrania, kinachosomwa kutoka kulia, na alama zake za irabu. Katikati ni Kilatini. Ndani ni Kigiriki, na juu ya kila mstari wake tafsiri ya Kilatini kwa herufi ndogo. Chini kuna tafsiri ya Kiaramu, na pembeni yake Kilatini kingine. Pambizoni, mizizi ya maneno ya Kiebrania. Haya yote yalipangwa kwa vidole, herufi moja moja ya risasi, tena kinyumenyume ili zitoke sawa kwenye karatasi. Wale wanaochapa ratiba ya ibada Jumamosi usiku, halafu wakakuta kosa asubuhi kanisani, wataelewa kidogo. Agano Jipya lilikamilika tarehe 10 Januari 1514, kwa herufi za Kigiriki ambazo hadi leo wajuzi wa uchapaji huzisifu kuwa kati ya nzuri zilizowahi kuchongwa. Juzuu ya mwisho kati ya sita ilitoka mtamboni tarehe 10 Julai 1517.

Mwandishi wa maisha ya Cisneros, Álvar Gómez de Castro, anasimulia kwamba aliyepeleka karatasi za mwisho kwa Kardinali alikuwa Juan, mwana wa Brocar, kijana bado, amevalishwa nguo zake nzuri kuliko zote. Mzee akainua macho mbinguni akamshukuru Kristo. Kati ya mambo yote magumu aliyoyatenda, aliwaambia waliokuwapo, hili ndilo la kumpongeza. Alikuwa na umri wa miaka 81. Miezi minne baadaye, tarehe 8 Novemba, akafariki, na Biblia zikiwa zimelala ghalani zikingoja idhini ya Papa Leo wa Kumi. Idhini ilitolewa Machi 1520.

Gharama inatajwa kuwa zaidi ya dukati 50,000 za dhahabu. Nakala zilikuwa kama 600, na bei iliyowekwa ilikuwa dukati sita na nusu. Pigeni hesabu wenyewe: zikiuzwa zote, hazifikishi dukati 4,000. Ningependa wahazini wetu waione hesabu hiyo, ingawa sidhani wataipenda.

Ningeweza kuishia hapo, tukamsifu Kardinali na kwenda zetu. Lakini mtu huyuhuyu, kule Granada karibu na mwaka 1500, aliamuru vitabu vya Kiarabu vya Waislamu vikusanywe na kuchomwa hadharani, Kurani zikiwamo. Vya tiba viliachwa, vikapelekwa Alcalá. Na mwaka 1509 alivuka bahari mwenyewe pamoja na jeshi lililoteka mji wa Oran, Afrika Kaskazini, kwa umwagaji mkubwa wa damu. Mkono uliolipia herufi za Kiebrania na Kigiriki ndio ulioamuru moto. Siwezi kulainisha jambo hilo, na sioni faida ya kulificha.

Maandiko yanamjua mtu wa namna hii. Katika 1 Nyakati 22, Daudi anaandaa mawe, chuma, shaba na mierezi kwa ajili ya nyumba ya Bwana, naye anaambiwa hataijenga, kwa sababu amemwaga damu nyingi. Sisemi kwamba Mungu alimnyima Cisneros kuiona Biblia yake ikienea kwa hoja hiyo. Siri hizo si zangu. Naona tu kwamba maandalio ya Daudi hayakutupwa. Wala hayakumsafisha.

Na wavunaji? Huko Basel, Uswisi, mpiga chapa Johann Froben alikuwa na haraka. Yeye na msomi Erasmus walilichapa Agano Jipya la Kigiriki kwa miezi michache tu, likatoka Machi 1516, wakati lile la Alcalá limefungiwa ghalani kwa zaidi ya miaka miwili. Erasmus mwenyewe alikiri kwamba kazi ile ilikimbizwa kuliko kuhaririwa. Hati yake ya Ufunuo ilikosa ukurasa wa mwisho, naye akazifasiri aya zile kutoka Kilatini kurudi Kigiriki. Hata hivyo toleo lake ndilo lililoenea, na ni toleo la pili, la 1519, ambalo Luther alilitumia kuwapa Wajerumani Agano Jipya mwaka 1522.

Hatimaye Biblia ya Alcalá ikamfikia Erasmus. Alipotoa toleo lake la nne mwaka 1527, aliitumia kusahihisha mahali pengi katika Ufunuo. Brocar alikuwa ameshafariki.

Katika jumuiya zenu juma hili someni 1 Nyakati 22 yote, taratibu. Mkifika aya ya nane, msiiruke. Kisha waombeeni kwa majina wale wanaochapa, wanaosahihisha na wanaolipia yale mnayosoma kila Jumapili, maana wengi wetu hatuwajui hata kwa sura.