Nilivyoacha kufuta mashairi yangu

Nilibandika tarbia yangu (shairi la mishororo, yaani mistari, minne kila ubeti) Facebook usiku. Kufika asubuhi: "Hili nalo shairi?" "Kauze mihogo." Nikaifuta, kama nilivyozifuta mbili za kabla yake. (Wauza mihogo nao wamekosa nini, sijui.)

Ya nne sikuifuta. Nilizima arifa, nikakaa siku mbili bila kuchungulia, kisha nikachukua daftari na kunakili maoni yale tu yaliyotaja kitu kilichomo ndani ya shairi. Kati ya 17 lilibaki moja: "Mwanangu, ubeti wa pili, mshororo wa kwanza umezidi mizani." Hilo liliniuma kuliko matusi yote. Nikahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole; kila nusu ya mshororo nilitaka iwe na nane. "Nimerudi kwetu pwani": nane, sawa. "Bahari nimeikuta tena": kumi! Nikageuza, "nimeikuta bahari." Nane, na kina cha "ri" (silabi inayojirudia mwishoni mwa mishororo) nilichokuwa nimekivunja kikarudi mahali pake.

Nikamjibu: "Ahsante mzee wangu, nimerekebisha." Wenye matusi sikuwajibu, aliyerudia nilimzuia. Siku hizi kabla sijabandika kitu namtumia kwanza yule mzee, naye hana huruma hata chembe.