Luena, pale makala (makaa) ilikuwa inatoka chini ya udongo

Safari ya Lubumbashi mpaka Tenke siisimulii, ni joto na mifuko ya unga mpaka mlangoni, na benchi ya mbao niliyolipia bei isiyo ya haki kabisa. Kilichonishika ni Luena, mji mdogo wa reli huku kwetu Katanga, Kongo. Lokomotivu ilizima pale jioni, wakasema kidogo tu tunaondoka, tukalala palepale, na chupa ya maji ikapanda mara mbili saa ileile, nilikasirika sana.

Pembeni ya reli kuna mama alikuwa anakaanga mikate, karibu yake papa mmoja mzee, akaniambia alifanya kazi kwenye karieri (machimbo) ya makala. Nikamuuliza makala ya miti gani papa? "Ya mawe, mutoto yangu. Ile kilima unaona kule ni udongo yenye tuliondoa juu yake." Akachukua jiwe jeusi akalitia kwenye mbabula (jiko la makaa). Likachelewa kushika, likatoa moshi mzito, mama akapiga kelele kwamba mikate yake itanuka, na lilipoisha likaacha majivu mengi mno. Papa akayachota kwa kijiko cha mama akanionyesha: "Shida ilikuwa hii."

Hapo ndio nikaelewa kitu ambacho sijawahi kufundishwa shuleni. Sisi watoto wa Lubumbashi tumekua tunaangalia ile shemine (bomba la moshi) ya kiwanda cha mukuba (shaba), kiwanda kilianza kuyeyusha 1911, lakini koki yake, makala ya mawe iliyopikwa mpaka ikawa ngumu, ilikuwa inakuja kwa treni toka Wankie, Zimbabwe ya leo, kwa sababu tanuru la mukuba linataka koki ngumu na makala ya Luena haitoi koki, majivu yamezidi. Reli ilifika Bukama 1918, ikapita hapahapa, na 1922 ikaundwa kampuni ya Charbonnages de la Luena, mutoto wa Union Minière, ile kampuni kubwa ya Wabelgiji ya migodi ya mukuba. Makala ya Luena ikapata kazi zake, simenti ya Lubudi kwa mfano, halafu 1967 serikali ikachukua mali ya Union Minière na yote ikaishia mikononi mwa ile tunaita leo Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali.

Papa alisimulia mpaka usiku sana, posho, nyumba za kazi, king'ora cha asubuhi, wenzake ambao wamebaki wachache, na kila mara alirudi palepale, kwamba simenti iliyojenga miji yetu ilipikwa kwa makala yao na hakuna mutu anawataja. Mimi nilikuwa nafikiria nyumbani, namna mfuko wa makala ya miti unapanda bei kila msimu wa mvua, namna pori limekwisha kuzunguka Lubumbashi, wakatao miti wanaenda mbali zaidi na zaidi, na sisi wote bado tunapikia bukari (ugali) ileile kwenye mbabula ileile. Nikamuuliza kama hii ya mawe ingeweza kutusaidia. Akakataa kabisa: "Ndani ya nyumba? Itaua batoto."

Wale wenye baba au babu waliofanya kazi Luena, waulizeni sasa, waandikeni majina ya wenzao na kazi walizofanya, kabla hawajaisha wote.